Aliitwa kuchora mito, akaikuta ubongoni

Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mwanamume wa miaka sitini na mbili anaingia chumba namba kumi na nne, anatundika koti nyuma ya mlango, anafuta miwani kwa pindo la shati, kisha anaiamkia skrini.

"Shikamoo Mwalimu," anasema.

Hakuna anayecheka. Vijana watano waliokaa kwenye meza nyingine wameshazoea. Kwenye skrini kuna picha ya kijivu iliyojaa viduara, michirizi na madoa, kama ukuta wa zamani uliovujiwa na mvua. Ni kipande cha ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Katika miaka sita ya mwisho alisahau majina ya watoto wake, halafu akasahau kijiko kinashikwa upande gani. Familia iliruhusu ubongo wake uchunguzwe, ikaomba jina lisitajwe.

Umri na kazi, hayo mawili tu ndiyo yaliyoandikwa kwenye faili. Kwa mwanamume huyu yanatosha kumpa mtu shikamoo.

Anachukua kalamu isiyo na wino, ile ya kuandikia juu ya skrini. Anaishika kwa ncha za vidole vitatu, kiganja hakigusi kitu, kama wanavyoshika watu ambao kalamu ndiyo iliyowalisha. Anatafuta doa lenye umbo la haragwe. Analizungushia mstari polepole, bila kuinua mkono, hadi mwisho wa mstari unakutana na mwanzo wake. Anahamia jingine.

Kazi yake ndiyo hiyo. Ameifanya kwa miezi kumi na minne, ukiondoa wiki sita ambazo tutazieleza. Ijumaa ya wiki hii inaisha. Jumatatu inayofuata kikao kitakaa kuamua kama jina lake litaandikwa kwenye matokeo ya utafiti au atabaki anavyoitwa kwenye rasimu: Mchoraji wa Nne.

Maabarani lakini wanamwita Mzee wa Mito. Jina hilo lina kisa.

Ndani ya seli za mwili kuna vijumba vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Wataalamu huviita mitokondria. Seli za ubongo zinavitegemea kuliko seli nyingine nyingi, maana ubongo haulali hata mwenyewe akilala. Kwa wagonjwa wa kusahau na wa kutetemeka, vijumba hivyo huonekana vimebadilika umbo. Kwa nini vinabadilika, na kipi kinatangulia kati ya ugonjwa na mabadiliko hayo, hapo ndipo maabara hii inapochimba.

Kipande cha ubongo hugandishwa ndani ya gundi mpaka kinakuwa kigumu kama jiwe. Mashine yenye wembe wa almasi hukikata vipande vyembamba sana, kiasi kwamba ukivipanga elfu moja na mia tano ndipo unapata unene wa unywele mmoja. Hadubini ya elektroni hupiga picha kila kipande. Kompyuta huzipanga picha moja juu ya nyingine ili kile kilichokatwa kisimame tena kama kilivyokuwa.

Tatizo ni kwamba kompyuta haijui mitokondria ni kitu gani. Lazima ifundishwe, na mwalimu wake ni mkono wa binadamu. Mtu huizungushia mstari kila mitokondria, kwenye kila picha, maelfu kwa maelfu, mpaka mashine inaelewa na kuanza kuchora yenyewe.

Matokeo yakitangazwa, utasikia "kompyuta imegundua". Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona kompyuta inajua, ujue kuna mtu alikaa kitako akaifundisha, na mgongo bado unamuuma.

Watu wenye haraka hufupisha maneno, na maabara ina watu wenye haraka wengi. Mitokondria wao huita "mito". Kwa hiyo walipohitaji wachoraji, mmoja wao alibandika tangazo kwenye kibanda cha kutoa nakala, mtaa wa pili kutoka hapo: "Wanahitajika wachoraji wa mipaka ya mito. Mkono uliotulia ni sifa ya lazima."

Asubuhi hiyo Mzee alikuwa amekwenda kutoa nakala za karatasi za pensheni, kwa mara ya tisa. Alikuwa mchora ramani mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amechora mito.

"Nililisoma mara tatu," anasema. "Nikasema kumbe kuna mahali bado wanaitaka. Nikarudi nyumbani kuchukua bomba langu la ramani."

Aliingia maabarani na bomba kwapani na kalamu tatu mfukoni. Alipokelewa na mkuu wa maabara, mama mmoja asiye na maneno mengi ambaye wote humwita Daktari. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yale kwa namna moja.

"Umewahi kuchora mito?" Daktari aliuliza.

"Miaka thelathini na moja."

"Mito ya wapi?"

"Kila mahali. Mikubwa, midogo, ya msimu."

"Ya msimu ndiyo ipi?"

"Ile inayokauka kiangazi, Daktari."

Hapo kila mmoja akagundua kwamba mwenzake anazungumzia kitu kingine. Mzee alitaka kuaga. Daktari akamwambia kwanza afungue bomba. Ramani ikatandazwa juu ya meza ya hadubini, na Daktari akainama juu ya ile mistari ya buluu kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amepanga.

"Mzee, mito ya hapa ni ya aina nyingine," alisema. "Lakini mkono ninaoutaka ndio huu. Keti."

Nyumbani mkewe, ambaye hushona mashuka na foronya kwa oda, alipokea habari hizo bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Kazi ya kuchora nini?"

"Mito."

"Sasa, mume wangu, mito nashona mimi, mito unachora wewe. Nani atailalia?"

Akamweleza kwamba hii ni mito iliyo ndani ya kichwa. Mkewe akafikiri. "Basi tumepatana. Hata yangu ni ya kichwa."

Ili kuelewa kwa nini mtu wa miaka sitini na mbili analilia jina liandikwe kwenye karatasi ambayo majirani zake hawataisoma, ni lazima turudi nyuma. Kuna watu wasiopenda turudi nyuma. Husema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Waangalieni vizuri wanaoupenda msemo huo: ni wale walioshiba jana.

Ofisi ya ramani ilikuwa na chumba cha kuchorea chenye meza ishirini na mbili za kioo, zenye taa chini yake. Mchoraji hakusaini popote isipokuwa mahali pamoja: kona ya chini, upande wa kulia, kwa herufi zisizozidi punje ya mchele. "Imechorwa na", halafu jina. Kona hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake na dhamana yake. Mto ukikosewa, fundi anajulikana.

Halafu ikaja barua. Ilisomwa Jumanne, saa nne kasoro robo, watu wakiwa wamesimama. Ofisi inakwenda na wakati, ilisema, na wachoraji watastaafishwa. Ramani zote ziliingizwa kwenye kompyuta kwa mashine ya kunakili ambayo kioo chake kilikuwa kifupi kuliko karatasi kwa upana wa vidole viwili. Badala ya kuleta mashine nyingine, wakubwa waliamua karatasi zikatwe. Ukakatwa ukingo wa chini, pamoja na kona ya kulia.

"Nilikwenda kuuliza," anasema Mzee. "Ofisa akaniambia, 'Kona haina taarifa.' Maneno hayo nimeyahifadhi kama yalivyo. Kona haina taarifa."

Alikuwa amechora karatasi mia nne na kumi na mbili. Zinatumika mpaka leo. Mafundi wa bomba huzitumia, makandarasi huzitumia, na anayetafuta njia kwenye simu yake anatembea juu ya mistari ya mtu asiyemjua. Ofisa yule alipandishwa cheo, akastaafu kwa karamu na picha ya pamoja. Zile meza za kioo ziligawanywa. Moja, Mzee anaijua ilipo. Juu yake huliwa chakula cha jioni.

Kwenye chumba namba kumi na nne malipo ni kwa picha. Kijana wa meza ya dirishani, ambaye wenzake wamembandika jina la Kasi, humaliza picha arobaini kwa siku. Mzee humaliza kumi na tisa. Anachopata kwa mwezi kinatosha nusu ya matumizi ya nyumba. Nusu ya pili inatoka kwenye cherehani.

"Mzee," Kasi humuuliza, "hiyo picha unaichora au unaichumbia?"

"Naichumbia. Wewe unaitorosha."

Wachoraji walipewa kijitabu cha maelekezo chenye kanuni kumi na mbili. Iliyoleta maneno ni ya saba. Ilisema hivi: mitokondria ikikonda hadi chini ya nukta tano za skrini, kata hapo, hesabu kuwa ni mbili.

Ubongo wa Mwalimu ulikuwa umejaa mikondo ya namna hiyo. Mitokondria zake zilivimba, zikakonda, zikavimba tena, kama shanga. Pale katikati palikuwa na ukungu tu wa kijivu ambao jicho linaweza kuapa kuna uzi ndani yake na linaweza kuapa hakuna. Vijana walikata, kwa sababu kanuni ilisema wakate. Mzee mkono ulimgomea.

"Mto ukikonda haujakatika," anasema. "Ukiukata kwenye ramani, mtu anakuja kujenga nyumba pale. Mvua ikinyesha, mto unamkumbuka."

Alifanya alichofanya miaka thelathini na moja. Kwenye ramani mto wa msimu hauchorwi kwa mstari mzima. Unachorwa kwa nukta. Basi kila alipofika kwenye ukungu aliweka nukta, akaruka, akaweka nukta, mpaka ushanga wa pili. Hakumwambia mtu. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, kama kupumua.

Kompyuta haikuwa imefundishwa mto wa msimu. Kila nukta iliihesabu kuwa ni mitokondria nzima.

Mwezi wa kumi na moja wa kazi, hesabu za kwanza zikatoka. Kwenye kipande kimoja cha majaribio ambacho wote sita walikichora, wachoraji watano walipata mitokondria kama mia sita hivi, mmoja zaidi kidogo, mmoja pungufu. Mchoraji wa Nne alipata elfu tisa mia tatu na arobaini.

Kwenye jedwali mstari wake ulikuwa mwekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ujumbe wa utawala ulikuwa wa sentensi mbili: makosa yamepita kiwango, mkataba usimame na kazi yake yote ifutwe Ijumaa, ili kuokoa nafasi kwenye mashine. Miezi kumi na mmoja ya mistari, saa kumi jioni, kwa kubonyeza mara moja.

Jumatano, binti anayeandika programu za maabara aliteremka kutoka ghorofa ya juu. Ana miaka ishirini na saba. Alivuta kiti mpaka kwenye meza ya Mzee.

"Baba, samahani. Nataka kukuuliza kitu, usinikasirikie."

"Uliza, mwanangu. Hasira zangu nimewawekea watu maalumu."

"Hivi vidoa hapa. Mkono ulitetemeka?"

Viti vya vijana vikaacha kulia. Kumuuliza mchora ramani kama mkono wake umetetemeka ni sawa na kumuuliza mpishi kama ametemea mate chunguni. Mzee akaweka kalamu chini, sambamba na ukingo wa meza.

"Mkono huu haukutetemeka hata siku waliyotusomea barua."

"Basi ni nini?"

"Mto wa msimu."

Binti hakuelewa, na si kosa lake. Ramani alizokulia ni za kwenye simu, na hizo hazina kile kisanduku cha maelezo kinachoitwa ufunguo. Mzee akalitoa bomba chini ya meza, akatandaza karatasi moja ya zamani, akamwonyesha kwa kidole: mstari mzima, mto wa kudumu; nukta nukta, mto wa msimu.

"Kwa hiyo unasema hapa kuna kitu," binti akasema.

"Nasema hapa kuna kitu nisichoweza kukiapia. Mstari mzima ni kiapo. Nukta ni maneno ya mtu aliyeona kwa mbali."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Mliandika kanuni kumi na mbili, mkaweka mahali pa 'ndiyo' na mahali pa 'siyo'. Mahali pa kuandika 'sijui' hamkuweka. Nikajitengenezea."

Binti akaomba aazimwe ile ramani, akapanda nayo juu. Mpaka Alhamisi mchana alikuwa ameandika programu mpya inayosoma nukta zilizofuatana kama kitu kimoja chenye shaka. Akawaita watu waje kuangalia.

Elfu tisa mia tatu na arobaini zikashuka hadi mia mbili themanini na nane. Kwenye skrini kubwa yale yaliyokuwa mabonge yaliyotapakaa yalijipanga kuwa nyuzi ndefu zenye shanga, zikipinda na kupita ndani ya seli za Mwalimu. Kasi alisimama nyuma kabisa. Inasemekana aliuliza, kwa sauti ndogo, ni ngapi amezikata yeye.

Daktari hakupiga makofi.

"Mzee, nikwambie ukweli. Mtu aliyechora mito maisha yake yote ataiona mito hata kwenye ufa wa ukuta."

"Ni kweli, Daktari. Ndiyo maana niliweka nukta."

Hapo Daktari alifanya jambo ambalo ofisi ya ramani haikulifanya. Alizuia kufutwa kwa kazi ile kwa wiki sita, akaamuru ikaguliwe upya. Zilichaguliwa sehemu mia mbili na kumi na mbili ambazo Mzee aliweka nukta, zikachanganywa na nyingine zisizohusika, zikapelekwa kwenye taasisi yenye hadubini inayoweza kuinamisha kipande na kukipiga picha kutoka pembe nyingi. Waliokagua hawakuambiwa zipi ni za nani.

Mkataba ulibaki umesimama. Mzee alikaa nyumbani, akawa anamkatia mkewe vitambaa vya foronya. Mkewe anasema wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko uchumba wao.

"Haongei. Anakata tu. Zikawa zimenyooka mpaka wateja wanauliza nimenunua mashine gani," anasema. "Siku moja nikamwambia, baba watoto, hata wakifuta, si wewe unajua ulichokiona? Akanijibu, 'Mara ya kwanza pia nilijua.' Nikamsogezea kitambaa kingine."

Majibu yalifika yakiwa ukurasa mmoja. Kati ya sehemu mia mbili na kumi na mbili, mia moja sabini na moja zilikuwa na uzi kweli, mwembamba, usiokatika. Arobaini na moja hazikuwa na kitu.

Mzee aliporudishwa kazini hakuomba kuonyeshwa zile mia moja sabini na moja. Aliomba zile arobaini na moja. Alikaa nazo kutwa nzima bila kwenda kula. Jioni akampigia simu binti wa programu aje.

"Tazama pembeni mwa kila moja," alimwambia. "Wembe ulipokata, kipande kilijikunja. Mkunjo ndio ulionidanganya. Hata karatasi ya ramani ukiikunja vibaya inaota mto."

Thelathini na nane kati ya arobaini na moja zilikuwa hivyo. Binti akaifundisha mashine kutambua mikunjo. Kanuni ya saba ikaandikwa upya, na sasa inasomeka: ikikonda, usikate, weka nukta. Ni maneno manne. Ndiyo maneno pekee ya Mzee yaliyomo kwenye kijitabu kile, na hayana jina la mtu.

Tulimuuliza Daktari maana ya haya yote kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Alituangalia kama mtu aliyekwishaumwa na waandishi wa habari.

"Hatujapata dawa, na msiandike tumepata dawa," alisema. "Tulikuwa tunahesabu vitu vingi tukidhani vimeshakatika. Kumbe katika ubongo huu vingi vimekonda, lakini bado vimeshikana. Kilichokatika ni habari nyingine. Kilichoshikana, mtu anaweza angalau kufikiria namna ya kukiwahi. Na huu ni ubongo wa mtu mmoja. Tunao wengine tisa wa kupitia."

Hao tisa watapitiwa na mashine. Imeshajifunza mstari, imejifunza nukta, imejifunza na mikunjo. Picha iliyomchukua Mzee dakika ishirini na tano, yenyewe inaimaliza kabla hujakohoa. Ndiyo maana wachoraji sita wanaondoka Ijumaa. Kasi ameshapata kazi ya kupeleka mizigo kwa pikipiki; wenzake wanasema sasa ndipo jina litamfaa.

Mzee anaizungumzia habari hiyo kwa sauti ileile anayotumia kutaja hali ya hewa.

"Ya kwanza ilinifukuza bila kunijua. Hii nimeifundisha mwenyewe, ndipo inanifukuza. Mtu asiseme hakuna maendeleo."

Kilichobaki ni karatasi. Rasimu ya utafiti ina majina kumi na moja. La Daktari limo, la binti wa programu limo, na yamo ya wakuu wawili ambao chumba namba kumi na nne hakijawahi kuwaona. Mwishoni kuna shukrani kwa "wachoraji sita", na kwenye jedwali la nne nukta zinatajwa kuwa ni "mbinu ya Mchoraji wa Nne".

Mzee alikwenda kwa Daktari na barua aliyoiandika kwa mkono. Daktari akaisoma, akaikunja.

"Utaratibu wa majina una kamati yake, Mzee. Kanuni si yangu."

"Hata ile ya saba haikuwa yako, Daktari. Na uliibadilisha."

Barua ile Daktari aliiweka kwenye ajenda ya Jumatatu, namba tatu, na binti wa programu amesema atasimama kuizungumzia hata asipopewa nafasi.

Alhamisi mchana, picha kubwa ya mikondo ya ubongo wa Mwalimu inachapishwa kwa ajili ya kutundikwa ukumbini. Karatasi inatoka kwenye mashine taratibu, pana kama shuka, nyuzi za rangi juu ya weusi. Fundi wa uchapaji ameshafungua kisu cha kukatia kingo.

Mzee amesimama kando yake. Hajaagizwa na mtu.

"Chini kulia, usikate," anamwambia.

"Mbona hapo pako wazi tu, Mzee? Hapana kitu."

"Niachie vidole viwili."

Fundi anamwangalia, anashusha mabega, anapima kwa vidole vyake mwenyewe na kukata kwingine kote. Inabaki kona nyeupe chini ya nyuzi, upana wa vidole viwili.

Mfukoni mwa shati Mzee ana kalamu, na leo ina wino. Haitoi. Anasema hataandika kitu kabla ya kikao, kwa sababu kona haiibwi, inakabidhiwa. Wakikubali Jumatatu, mpango wake ni kuja na kuandika majina sita, la Kasi likiwemo, kwa herufi za punje ya mchele. La Mwalimu hataliandika hata akiambiwa. "Yeye watu wake waliomba asitajwe. Sisi hatukuomba."

Na wasipokubali?

Anafuta miwani kwa pindo la shati, anaivaa, anaiangalia tena ile kona.

"Itabaki nyeupe hivyohivyo. Mtu atapita hapa siku moja, atauliza kwa nini kote pamekatwa na hapa hapajakatwa. Akishauliza, mmoja wenu atamweleza."